Gari linalozima likishapata moto

Kila joto la Januari linapobana hapa Dar nawaza jambo lile lile: gari linalozima likipata moto hupelekwa gereji likiwa limepoa. Mwenye gari anangoja Jumamosi asubuhi, anafika, fundi anapiga stata, injini inaunguruma vizuri. "Bosi, mbona gari lako zima?" Lakini kwa kuwa lazima kitu kifanyike, pampu ya mafuta inabadilishwa. Wiki inayofuata gari linazima tena kwenye foleni ya Buguruni, na safari hii plagi ndizo zinalaumiwa. Mwendo ni huo mpaka mfuko unatoboka.

Hitilafu ya joto huonekana ndani ya dakika tano hadi kumi za kwanza baada ya injini kuzima. Gari likipoa, huna cha kupima. Kwa hiyo mwenye Corolla, Carina au Starlet ya miaka ya 90 anapaswa kubeba vifaa vyake kwenye buti: plagi moja nzima ya akiba, mita ya kupimia umeme (ya bei ndogo inatosha), kipande cha waya, kitambaa na chupa ya maji baridi.

Namna gari lilivyozima inasema mengi. Likikata ghafla, bila kusitasita, elekeza macho kwenye umeme: koili (inayopandisha umeme wa plagi), ignaita (swichi inayoiendesha koili), relei (swichi ya umeme). Likianza kuvutavuta, likakosa nguvu kwenye mlima, ndipo likazima, fikiria mafuta kwanza. Likizima kwenye taa za barabarani tu, ukitoa mguu, kisha likawaka papo hapo, hiyo ni habari nyingine, nitaigusa baadaye.

Sasa gari limezima na halitaki kuwaka. Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, ilaze chuma chake kiguse bodi ya injini mbali na mipira ya mafuta, mtu apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Ya njano, nyembamba, au kutokuwepo kabisa, maana yake umeme umekata. Kama cheche ni nzuri, geukia mafuta. Jaribio hilo halimalizi dakika tatu, na ndilo linalookoa pesa nyingi kuliko yote.

Cheche ikikosekana kwenye injini kama 5A-FE (ya Corolla na Carina nyingi za enzi hizo), mtuhumiwa wangu wa kwanza ni distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Nyingi zina koili na ignaita humo humo ndani, zimebanwa ubavuni mwa injini ambako hewa haifiki vizuri. Waya mwembamba wa koili ukiwa na ufa, joto linautanua na ufa unafunguka. Ukipoa unagusana tena. Ndiyo maana gari linawaka baada ya kupumzika kivulini. Lowesha kitambaa, kikamue, kibandike juu ya distributa dakika mbili tatu bila kumwaga maji ndani ya kifuniko. Likiwaka hapo hapo ilhali injini bado ni ya moto, umeshampata mwenye kosa. Nyumbani unaweza kufanya kinyume chake: injini ikiwa baridi, inaunguruma, elekeza drayer ya saluni kwenye distributa pekee. Ikizima kabla rejeta haijapata moto, hakuna ubishi.

Ukipima koili kwa mita, usishtuke ukinzani ukipanda. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo koili yenye omu 1.3 asubuhi kusoma 1.6 au 1.7 ikiwa ya moto ni kawaida. Tatizo ni mita inayorukaruka au inayoonyesha hakuna njia kabisa. Ignaita haipimiki hivyo. Hiyo hubadilishwa kwa majaribio, na anayefunga mpya akumbuke kupaka ile grisi nyeupe ya kupitisha joto chini yake. Mafundi wengi huiruka, na ignaita mpya inakufa mapema.

Kabla hujachomoa betri, soma kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari), kwa sababu betri ikichomolewa zinafutika. Toyota nyingi za wakati huo zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, weka swichi ON bila kuwasha, hesabu taa ya injini inavyomweka. Kodi 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni mfumo wa kuwasha, 22 ni sensa ya joto la maji. Soma maandishi ya kifuniko vizuri. Tundu lisilo sahihi linaweza kuunguza kitu.

Kiboksi hicho hicho kinakusaidia kwenye mafuta. Watu huweka swichi ON, hawasikii pampu, wanahukumu imekufa. Kwenye magari mengi ya aina hii pampu haifanyi kazi mpaka injini izunguke! Unganisha matundu ya FP na +B, swichi ON, kisha sikiliza chini ya siti ya nyuma na ushike mpira wa mafuta: unapaswa kusikia yakipita. Kwa geji, presha ya kawaida ya 5A-FE ni takriban psi 38 hadi 44 mpira wa hewa wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa. Pampu ikiwa kimya wakati ni ya moto, jaribu relei yake kwanza. Na kama kawaida yako ni kutembea taa ya mafuta ikiwaka, jua kwamba petroli ndiyo inayoipoza pampu. Fungua pia kifuniko cha tangi: kikivuta hewa kwa nguvu na gari likapona, njia ya hewa ya tangi imeziba.

Sensa ya joto la maji ina ujanja wake. Ikidanganya kwamba injini bado baridi, kompyuta inazidisha mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, harufu ya petroli inajaa, na gari la moto linawaka tu ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Ipime: nyuzi 20 iwe kati ya omu 2,000 na 3,000, nyuzi 80, omu 200 hadi 400.

Lile la kuzima kwenye taa, hasa AC ikiwaka, ni sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta): safisha throto (mlango wa hewa ya injini) na valvu ya sailensa, tafuta mipira ya hewa iliyopasuka. Halafu kwa wenye injini mpya zaidi za VVT-i kama Vitz na IST, kila plagi ina koili yake, hivyo koili moja ikifa gari linamisi tu (linatetemeka na kukosa nguvu). Likizima lote likiwa na moto, anza na sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini); kodi ni P0335.

Spea ya mtumba ya Gerezani, Kariakoo, si mbaya, lakini linganisha namba, hesabu pini za soketi, na kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikigoma ikiwa ya moto utairudisha. Ukishafunga, kuzunguka mtaa mmoja hakutoshi. Washa AC, acha gari lisimame likiunguruma mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili, kisha zima na ungoje dakika kumi. Ndani ya boneti joto hupanda zaidi baada ya kuzima, kwa kuwa maji hayazunguki na feni imesimama. Likiwaka hapo kwa stata moja, mlipe fundi.