Whitney wa mama, Whitney wa Robyn
Nimemaliza vitabu viwili kuhusu mwimbaji Whitney Houston, utadhani vinazungumzia watu wawili. Cha mama yake, Cissy, kilitoka 2013, mwaka mmoja baada ya Whitney kufariki. Cha Robyn Crawford, rafiki wa Whitney tangu 1980, kikaja 2019. Miaka yote tumembebesha Bobby Brown, aliyekuwa mume wa Whitney, lawama za unga, kumbe Robyn anasema kokeini walishaitumia pamoja kabla Bobby hajaonekana! Cissy ameandika kama mama, na yeye hakumpenda Robyn, wala hafichi. Robyn naye anajitetea kidogo, lakini namwamini zaidi. Ile Biblia aliyopewa na Whitney siku alipomwambia mapenzi yao yaishe, wabaki marafiki tu, mtu haitungi jamani. Cha Bobby cha 2016 bado sijakigusa.