Nilivyoyapata Mafunzo ya Wodini Lindi Baada ya Kuambiwa Nikahesabu Makopo

Ulipofika wakati wa kupangiwa hospitali za mafunzo ya wodini, karibu kila aliyenitangulia katika shahada ya famasi alinipa ushauri uleule, kwamba nifanye kila njia nikwepe kusini. Waliniambia kuwa Lindi hakuna kesi za kujifunzia, kuwa kazi ya mfamasia huko inaishia dirishani na stoo, na kuwa nikifika nishike leja, nihesabu makopo, nisainiwe kitabu changu cha mafunzo na nirudi Dar es Salaam salama. Mmoja alifikia kunihakikishia kwamba wodini ningegeuzwa mbeba mafaili. Naandika haya kwa kuwa najua ushauri huo bado unagawiwa kwa wadogo zetu, na wengi wanaougawa hawajawahi kulivuka Daraja la Mkapa, lile la Mto Rufiji kwenye njia ya kwenda kusini.

Hospitali niliyopangiwa sitaitaja jina. Nilipata chumba cha kama elfu arobaini kwa mwezi, samaki walikuwa rahisi, na taratibu za kuripoti zilimalizika bila usumbufu wowote. Msimamizi wangu, mfamasia mwenye maneno machache, alinikabidhi kwa sista wa wodi ya wanawake na kuniambia nimletee mgonjwa mmoja ambaye dawa zake nazifahamu kuliko mwenyewe anavyozifahamu. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa kazi hiyo nilikuwa na silaha niliyorithishwa na wale wale washauri wangu: fomu ya kurasa nne, imeandikwa kwa Kiingereza, yenye visanduku vya jina la dawa, nguvu yake, idadi ya vidonge kwa siku, tarehe ya kuanza na sababu ya kuacha. Walioitunga, nadhani, hawakuwahi kuketi na mgonjwa hata mmoja. Nilianza na bibi mmoja wa Kimwera aliyelazwa kwa kuvimba miguu na kizunguzungu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza anatumia dawa gani.

“Nyeupe, ndogo.”

“Nyeupe ipi, bibi?”

“Ile mliyonipa.”

“Nani alikupa?”

“Si nyie!”

Kwa bibi yule, kila aliyevaa koti jeupe katika nchi hii alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyepaswa kukumbuka alichompa. Nikageuza ukurasa, nikauliza kuhusu mzio, akanijibu kuwa anapenda pweza. Kitanda cha pili kilinipa nyeupe mbili na nyekundu moja. Kitanda cha tatu kilikana kabisa kutumia dawa yoyote, huku kidonge kikionekana kimefungwa kwenye pindo la kanga. Mwisho wa siku visanduku vyote vilikuwa vimejaa neno “hajui”, na mimi ndiye niliyekuwa sijui zaidi ya wote.

Kilichoniokoa ni njaa. Saa ya kuona wagonjwa iliangukia wakati wa chakula changu cha mchana, na nilipokuwa nikipishana mlangoni na ndugu waliobeba hotipoti za uji na wali, nilibaini kwamba watu wanaojua mambo ya nyumbani kwa mgonjwa wanapita mbele yangu kila siku nami naenda kula. Kesho yake nilisimama mlangoni. Nilipomwona mjukuu wa yule bibi, sikumuuliza bibi anatumia dawa gani. Nilimuuliza nyumbani dawa wanaziweka wapi. Alijibu bila kufikiri: nyingine kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nyingine chini ya godoro, nyingine kwenye mkoba wa bibi wa kwendea msibani. Nilimwomba anijie na vyote, hata vidonge vilivyobaki nusu, hata dawa za miti, hata alizopewa na jirani. Tangu hapo sikuwahi tena kuanza na jina la dawa. Naanza na mahali inapokaa, kisha nauliza kwa viungo vya mwili: ukiumwa magoti unafanya nini, ukikosa usingizi unafanya nini, mafua yakikushika nani anakununulia dawa. Masista walianza kuniita mkaguzi wa makopo, na sikuona sababu ya kulikataa jina hilo.

Kopo la bibi lilikuwa na mambo. Faili lilionyesha mgonjwa wa presha anayetumia amlodipini, aliyeongezewa furosemidi, dawa ya kukojoza, kwa ajili ya miguu kuvimba. Kopo lilionyesha amlodipini hiyo hiyo, pamoja na nifedipini aliyopewa zamani katika zahanati ya kijijini na kuendelea nayo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiache. Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja: zote hulegeza mishipa ya damu kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa hiyo, na zote zinaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Uvimbe wa namna hiyo hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiuondoi. Humkausha mgonjwa tu, naye akisimama anaona giza. Chini ya godoro kulikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu aliyoinunua dukani kwa ajili ya magoti baada ya kupalilia mikorosho, na hiyo hupandisha presha na kuzibana figo, hasa ikikutana na furosemidi. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa imepanda, na kabla ya kopo kufika hakuna aliyekuwa na jibu la kueleza kwa nini.

Hapa washauri wangu walikuwa na neno jingine: ukipata jambo, liseme kwenye raundi, daktari anapopitia vitanda, mbele ya watu ili uonekane. Mimi nasema ukitaka daktari aitetee dawa aliyoiandika hata kama ameshaanza kuitilia shaka, mkosoe mbele ya mgonjwa na wanafunzi wenzako. Nilichukua nusu karatasi nikaandika nilichokikuta, ninachokishuku, ninachopendekeza na cha kufuatilia, msimamizi wangu akaipitia na kusahihisha neno moja, nikaichomeka ndani ya jalada la faili kabla ya raundi. Daktari aliisoma kimya. Akasimamisha nifedipini, diklofenaki na furosemidi, akabakiza amlodipini peke yake, akaagiza kreatinini ipimwe tena. Miguu ilipungua, na kizunguzungu kikaisha. Raundi iliyofuata daktari alisimama mlangoni akauliza, “Yule wa dawa yuko wapi?” Sina haja ya kueleza nilivyotembea siku hiyo.

Baada ya hapo milango mingine ilifunguka yenyewe. Wodi ya watoto niliwaandikia jedwali la sindano ya artesuneti ya malaria kali, kwa sababu kichupa ni kile kile lakini uchanganyaji hutofautiana. Miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti. Ya mshipani huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi na kuwa miligramu 10 kwa kila mililita, ya msulini huongezwa mililita 2 za maji hayo na kuwa miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, mkubwa zaidi miligramu 2.4. Hivyo mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 36, ambazo ni mililita 3.6 mshipani au 1.8 msulini, na hizo ni hesabu ambazo hakuna anayestahili kuzifanya kichwani usiku wa manane.

Kwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya mseto ya malaria, niliacha kusema dozi ya pili inywewe “baada ya saa nane”, yaani saa nane zikipita, kwa kuwa wengi walisikia saa nane ya mchana. Nilikuwa nikitaja saa yenyewe: ukinywa ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Nilisisitiza pia inywewe pamoja na kitu chenye mafuta, kwani lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto huo, haisharabiwi vizuri mwilini bila mafuta, na kusini hilo halihitaji mahubiri marefu mahali penye nazi na korosho.

Siku ya kuwasilisha kesi chuoni niliichagua ya bibi. Mwalimu alilipitia jedwali langu la dawa, akarudi kwenye nakala ya kumbukumbu za mgonjwa, akaniuliza nifedipini nimeitoa wapi ikiwa faili halina. Nikamjibu kuwa niliitoa kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Alama sitazitangaza, ila yule aliyenionya juu ya kubeba mafaili ameniomba ile nusu karatasi, nami nimempa nakala.