Dagaa hazaliwi na mchanga

Wateja waliozoea dagaa wa Kigoma wana wimbo wao mmoja hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza: "Dada, hawa wa Mwanza ndivyo walivyo, mchanga tu." Namwacha mtu amalize, kisha namwonyesha rundo la pili.

Mchanga si maumbile ya dagaa. Ameukuta ufukweni, alipomwagwa chini aanikwe. Aliyeanikwa kwenye chanja hana mchanga huo, na ndiyo maana bei yake iko juu. Ukichagua wa bei ya chini, usimsingizie samaki.

Uchungu je? Hapo nakubali. Dagaa ni mdogo mno kupasuliwa mmoja mmoja, analiwa na utumbo wake, na uchungu mwingi umo humo na kichwani. Uanike utakavyo, hautoki. Mimi hutoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto, halafu ndimu na nyanya za kutosha. Mama mkwe wangu, mtu wa Ukerewe, anawakaanga na vichwa vyao na kusema mjini kumeniharibu.

Udogo huohuo ndio unaomfanya akauke upesi jua likiwaka, na aoze upesi mvua ikishuka. Akinyeshewa anapoteza ule weupe wa fedha, anageuka njano, harufu inapanda, na safari yake inaishia kwenye chakula cha kuku.

Na huyo wa Kigoma mnayemfanya kipimo ni samaki mwingine kabisa, wa ukoo wa sardini. Wetu hayumo ukooni humo. Jina tu ndilo limewakutanisha. Kumdai ladha ya Kigoma ni kumwonea.

Kila samaki na maumbile yake. Mwangalieni sangara, aliyepandikizwa humu Ziwa Victoria miaka ya 1950. Furu wadogo waliokuwapo kabla yake walianikwa juani wakakauka. Sangara mwili wake una mafuta mengi, jua peke yake halimuwezi, ikabidi abanikwe kwa kuni. Miti mingi ya kandokando ya ziwa imeishia chini ya samaki huyo, kwa sababu tu ya namna alivyoumbwa.

Dagaa wetu naye hufuata mwanga, ndiyo maana anavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika wakisubiri giza, na mzigo unapungua sokoni. Mkinikuta nimepandisha bei siku hizo, gombaneni na mwezi.