Veejay mzuri hujua kunyamaza

Filamu nyingi zinazotazamwa katika vibanda vya video vya Kampala hupita kwanza mdomoni mwa veejay, anayezifasiri kwa Kiganda na kuzitia chumvi. Naipenda kazi hii, ndiyo maana inaniuma ikiharibika.

Kinachoharibika mara nyingi ni sauti, kwani veejay hushusha sauti ya filamu ili yake isikike. Katika nakala ya sterio, yenye chaneli (njia za sauti) 2 tu, mazungumzo, muziki na risasi vimekwisha kuchanganywa. Ukishusha kimoja, umeshusha vyote. Ndipo mapigano yanasikika kama ugomvi wa nyumba ya jirani. Nakala ya chaneli 6 ni bora mno: mazungumzo hukaa zaidi chaneli ya katikati, basi shusha hiyo tu kwa desibeli 10 hadi 12, muziki ubaki ukinguruma. Mwenye sterio ashushe anaposema tu, kisha airudishe taratibu, kama nusu sekunde, la sivyo sauti inaruka. Maikrofoni ikae shibiri moja kutoka mdomoni, imeelekezwa upande kidogo. Ikikabili mdomo moja kwa moja, kila "p" na "b" inapasuka.

Tamthilia za mfululizo ndizo zinazoumia zaidi. Mwigizaji akimtazama mumewe sekunde 5 bila neno, kimya kile kimeandikwa kwenye hati ya tamthilia. Kisijazwe! Katika Who Killed Captain Alex? ya 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, VJ Emmie anapiga kelele mwanzo mwisho na inafaa kabisa, kwa kuwa ni mapigano na vichekesho. Mbinu hiyo hiyo kwenye tamthilia ya ndoa inaua kila kitu.