Nimeona, Sikusema

Ukisema umeitwa kusimamia mtihani wa darasa la saba, swali la kwanza ni posho. Posho ipo, lakini miguu nayo ipo. Siku mbili za Septemba unasimama kutwa: huketi, husomi gazeti, simu umeiacha kwa msimamizi mkuu. Na hupangiwi shuleni kwako.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kazi ni kukamata wanaoangalizia. Kumbe watoto wa darasa la saba wengi wao wanaogopa hata kupiga chafya. Shida huwa ni sisi wakubwa. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, kwa udanganyifu ulioanzia kwa watu wazima. Watoto ndio waliorudia mtihani.

Basi mwaka jana, Hisabati. Nimewaonyesha watahiniwa kuwa bahasha haijaguswa, nimefungua, nimesoma maelekezo taratibu: hakikisha namba ya swali inalingana na namba kwenye karatasi ya majibu. Wote wakaitikia. Wakainama.

Palikuwa na msichana dirishani, sweta limeisha viwiko. Nilipopita nikaona swali la 14 amelikimbia, halafu jibu la 15 amelisiliba, yaani ametia weusi wa penseli kwenye herufi ya jibu, kwenye mstari wa 14. La 16 kwenye 15. Nilipozunguka tena alikuwa ameshafika 23, na hesabu zake pembeni, jamani, zilikuwa safi. Mtoto anajua.

Ningekohoa tu. Ningegusa meza kwa kidole. Lakini nikimgutua huyu, na yule wa nyuma aliyekosea kujumlisha nimwambie nini? Hata kusimama karibu yake nilijizuia, maana mtoto akiona mwalimu ameganda hapo anajua kuna jambo, na huko nako ni kusema. Nikarudi mbele, nikaandika ubaoni muda uliobaki. Hilo naruhusiwa. Mwenzangu wa mlangoni akanitazama, nikaangalia dari.

Zikiwa zimebaki dakika kumi nikasikia ufutio. Alikuwa anafuta kwa nguvu, meza inatikisika, huku machozi yakidondoka ambayo aliyafuta kwa sweta kabla hayajafika kwenye karatasi. Nilipotangaza muda umekwisha alikuwa kwenye 31, anasiliba. Nikasema, "Weka kalamu chini." Akaweka. Hakubishana. Nikakusanya, nikahesabu mara mbili, tukafunga bahasha.

Jioni nikamkuta getini na wenzake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akasita kidogo. "Mwalimu, ile mashine ya kusahihisha inasoma hata pakiwa pamefutwafutwa?"

"Ukifuta vizuri, inasoma," nikamwambia.

Akaangalia vidole vyake, bado vina weusi wa penseli. "Kesho nitakuja na ufutio mpya," akasema, akawakimbilia wenzake.