Siku Moja ya Afisa Mauzo Arusha: Sabuni Asubuhi, Usaili Alasiri

Watu wakisikia kwamba mimi ni afisa mauzo, hunijibu karibu wote kwa maneno yaleyale: basi wewe utakuwa na mdomo mtamu. Sina mdomo mtamu. Huu ni mwaka wangu wa nne nikisambaza sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti na viberiti katika maduka ya rejareja ya upande wa kusini wa jiji la Arusha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhesabu, kukumbuka na kusubiri. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na ruti yangu ya kawaida na, saa tisa alasiri, usaili wa nafasi ya msimamizi wa mauzo katika kampuni inayouza mbegu. Ninaieleza siku hiyo kama ilivyokwenda.

Saa 10:45 alfajiri. Ninaamka Sakina, na baridi ya Julai imeingia hadi ndani ya ndoo ya maji. Chai inapochemka ninafungua karatasi moja niliyoiandaa kwa wiki mbili, ambayo haina jibu hata moja la kukariri. Mwaka jana nilikwenda kwenye usaili nikiwa nimekariri kwamba mimi ni mchapakazi, ninajituma na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Msaili mmoja aliniuliza kwa upole, "Tupe mfano," nami nikabaki nikiutazama ukuta. Safari hii niliandika namba: idadi ya maduka niliyoyakuta kwenye ruti na idadi ya sasa, miezi niliyofikia lengo na miezi niliyolikosa pamoja na sababu zake, na kiasi cha madeni yaliyokuwa nje nilipopokea ruti na kilichopo leo. Chini yake niliandika niliyoyaokota Tengeru, ambako nilikwenda siku mbili za soko, Jumatano na Jumamosi, nikaingia katika maduka ya pembejeo kama mnunuzi mwenye maswali mengi. Niliuliza mbegu gani za mahindi huulizwa kwanza, zipi hubaki kwenye rafu mvua zikishapita, na nani hubeba hasara ya zile zilizobaki. Wauzaji wawili walinijibu kwa hamasa, na wa tatu alinitaka ninunue au niondoke.

Saa 12:30 asubuhi. Ghalani, eneo la Unga Limited. Tunahesabu mzigo, tunasaini, tunapakia kenta. Dereva, utingo na mimi. Blauzi na sketi ya usaili zimo ndani ya mfuko wa nailoni nyuma ya kiti, na dereva ameahidi kwamba hakuna atakayeegemea hapo.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne nilipita maduka kumi na moja, na manane yalinunua. Hakuna la kusimulia.

Saa 4:10. Kwa Mrombo, duka la Mangi. Huku kwetu, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mwenye duka huitwa Mangi hata asipokuwa Mchaga, lakini huyu ni Mchaga wa Kibosho na jina linamkaa sawasawa. Ni mtu mzima wa umri wa baba yangu, na kabla ya neno lolote la biashara ni lazima nimpe shikamoo na kuuliza habari za mama watoto, za migomba na za goti lake. Siku hiyo alikuwa anadaiwa shilingi 312,000 za mzigo niliomwachia mali kauli, yaani achukue sasa na alipe baadaye. Makubaliano yalikuwa siku saba, na siku hiyo ilikuwa ya kumi na tano.

Ninapaswa kueleza kuhusu mali kauli, kwa sababu hapo ndipo wasioijua kazi hii hupotea. Ofisi huhesabu mauzo siku mzigo unaposhuka, lakini kamisheni yangu hukokotolewa fedha zinapoingia, kwa hiyo kila katoni ninayoikopesha ni kazi niliyoifanya mara moja na nitakayoifanya tena siku ya kudai. Nikibana sana, mwenye duka huhamia kwa msambazaji mwingine. Nikilegeza, jina langu hutajwa kwenye kikao cha Jumamosi mbele ya wenzangu.

"Dada, karibu, kaa kwanza," alisema Mangi, akanisogezea kreti tupu ya soda. Akamhudumia mtoto aliyetaka kiberiti, akampimia mama mmoja nusu ya sukari, akapokea simu kutoka Moshi na kuzungumza Kichaga kwa muda mrefu huku akicheka. Alipomaliza alileta mashtaka. Panya walikuwa wametafuna pakiti mbili za sabuni ya unga, naye alitaka nimbadilishie. Nilimweleza kwamba mzigo ulioharibikia dukani haurudi, na kwamba ule ulioharibika kabla ya kushushwa hubadilishwa kwa fomu na picha. Aliniuliza kama panya wale walikuwa wake au walikuja na katoni. Utingo alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naiona saa ya ukutani juu ya kichwa chake, ambayo baadaye niligundua kwamba inatangulia kwa dakika ishirini, na hivyo nikawa nimeteseka zaidi ya nilivyostahili.

Kisha alinieleza kwamba msambazaji mwingine hutoa pakiti moja ya bure kwa kila dazani. Nilifahamu jambo hilo, na pia nilifahamu kwamba bei yake ya dazani iko juu kiasi cha kuimeza karibu yote hiyo pakiti ya bure. Nilitoa kikokotoo, tukapiga hesabu pamoja, akakubali kwa kuguna. Huo ndio mdomo mtamu wangu. Baada ya hapo alisema fedha zipo, ila ufunguo wa kabati anao mama watoto, na mama watoto amekwenda soko la Kilombero kufuata viazi, hatakawia. Ningeweza kuondoka. Lakini ninamjua Mangi: ukiondoka bila fedha, atasema wiki ijayo kwamba alikuwa nazo zote mkononi na wewe ndiye uliyeharakisha, na atalisema hilo kwa sauti mbele ya wateja. Nikakaa. Dereva alizima gari. Nilitoa karatasi yangu na kurudia namba za miezi niliyokosa lengo, vumbi la barabara ya Kwa Mrombo likitua juu yake kila gari lilipopita.

Mama alirudi na bajaji iliyojaa viazi, ambavyo utingo wetu ndiye aliyevishusha. Kabati lilifunguliwa. Zilitoka shilingi 150,000, na kati yake 47,000 zilikuwa sarafu za mia, mia mbili na mia tano ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila moja ilihesabiwa mara mbili, mara ya kwanza na yeye na mara ya pili na mimi. Deni lililobaki lilikuwa 162,000. Nilimwambia kwa heshima yote kwamba sitashusha mzigo mpya hadi lipungue tena, naye alinitazama kama baba anayemtazama binti aliyekosa adabu, akasema, "Haya, dada. Mtoto wa mjini wewe." Tulitoka pale saa 5:20.

Yaliyofuata siwezi kuyapanga kwa dakika. Yalikuwa yamebaki maduka kumi na tisa na nilifika kumi na matatu, nikiomba radhi kwa simu kwa sita yaliyobaki. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi mbivu mbili nilizokula garini. Ilipokaribia saa nane tulirudi mjini, nikaomba chumba cha kubadilishia nguo katika mgahawa mmoja karibu na Soko Kuu, ambako mhudumu ananifahamu. Blauzi ilikuwa imekunjamana begani, kwa hiyo kuna mtu aliyeegemea. Uso ulipooshwa, maji yalitoka na rangi ya udongo.

Nilikuwa nimemwambia msimamizi wangu kwamba ninahitaji saa mbili kwa shughuli binafsi. Sikudanganya, na nadhani alielewa, kwa sababu aliniuliza tu kama nitarudi kufunga hesabu.

Ofisi ya usaili iko mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa. Nilifika dakika kumi na tano kabla ya wakati na kuitwa dakika hamsini baada yake. Pembeni yangu aliketi kijana mwenye tai aliyekuwa akinong'ona majibu yake macho yamefumbwa, nikamhurumia, maana nilijiona mwenyewe wa mwaka jana.

Wasaili walikuwa watatu, mama mmoja na wanaume wawili. Waliponitaka nijieleze sikuanza na shule ya msingi. Nilisema ninahudumia maduka 32, nilipokea 19, nikaeleza jinsi yale 13 yalivyopatikana, na kisha nikataja miezi mitatu niliyokosa lengo kabla hawajaniuliza. Mwanaume mmoja aliandika kitu. Waliuliza muuza sabuni anajua nini kuhusu mbegu. Nikajibu kwamba sabuni hununuliwa kila siku, kwa hiyo duka likiishiwa leo nitaliuzia kesho, lakini mbegu ya mahindi ina wiki chache tu. Wakala akikosa mzigo mvua zinapoanza, mauzo hayo yamekwenda hadi msimu mwingine, na akibaki nao mvua zikiisha, uwezo wa mbegu kuota hupungua akiwa amezikalia. Kwa sababu hiyo kazi ya vuli hufanywa Julai na Agosti, kwa kuwatembelea mawakala wakati ambapo hakuna mkulima anayeuliza. Nilisema pia nilichokisikia Tengeru, kwamba wanunuzi wanaogopa mbegu bandia, na kwamba muuzaji anayemwonyesha mteja lebo ya TOSCI, yaani taasisi ya uthibitishaji wa mbegu, na kumfundisha namna ya kuihakiki kwa simu, hupata mteja anayerudi.

Hapo nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri. Mama akauliza: duka linanunua pakiti kwa shilingi 8,000 na kuiuza kwa 10,000, faida yake ni asilimia ngapi? Nikajibu haraka, ishirini na tano. Akaniuliza, "Ya nini?" Nilinyamaza. Shilingi 2,000 ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia, na mhasibu hutaka hiyo ya pili. Miaka minne nimezungumza na wenye maduka, na wote huhesabu kuanzia kwenye fedha waliyotoa mfukoni, nami nikawa nimehesabu kama wao. Nilisahihisha na kueleza kwa nini nilikosea. Mama alitikisa kichwa kwa namna ambayo bado sijaitafsiri.

Waliponipa nafasi ya kuuliza, nilikuwa na maswali matatu na niliyauliza yote. Kamisheni hulipwa mzigo ukishuka au fedha zikiingia? Wakala asipolipa, hasara ni ya kampuni au hukatwa kwenye mshahara wa afisa? Mbegu zilizobaki mwisho wa msimu hurudishwa na nani, na kwa gharama ya nani? Rafiki yangu aliyesoma Chuo cha Uhasibu pale Njiro alinionya kwamba maswali ya namna hiyo huonekana kama uchu wa fedha. Mimi ninaona kwamba mtu anayeomba kazi ya kudai fedha za watu na asiyeuliza habari za fedha zake mwenyewe hajaielewa kazi anayoiomba. Walinijibu mawili kwa uwazi. La hasara ya deni walisema litaonekana kwenye mkataba, na hapo niliandika alama ya kuuliza.

Walisema watapiga simu.

Nilipanda bajaji kurudi Unga Limited nikiwa na blauzi nyeupe, na wapakiaji wakanipigia vigelegele. Kufunga hesabu kulichukua muda kuliko kawaida kwa sababu ya zile sarafu. Kulikuwa na upungufu wa shilingi 3,500, tukatafuta, hatukuupata, nikalipa mfukoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki. Mimi ninayo kalenda ambayo huandikia zangu, na siku ile niliandika kumi na moja bila kuhesabu usaili. Sikuwa na nguvu ya kumwonyesha mtu yeyote.

Kifodi cha kurudi Sakina, yaani daladala ndogo, kilijaa. Nilisimama nikiwa nimeinama, mfuko wa nguo za kazi umebanwa kati ya miguu, na mwanafunzi mmoja aliyeniona nimechoka alinipisha kiti akiniita mama. Nilikaa bila kubishana.

Usiku, wakati ninaosha ile blauzi, simu iliita mlio wa ujumbe. Mangi alikuwa ametuma shilingi 60,000 na kuandika kwamba kesho nimletee katoni tano za sabuni ya unga, zisizo na panya. Nilifungua daftari nikapunguza: 102,000. Katoni tano nilimwandikia tatu. Kisha nikatafuta ruti ya kesho, ambayo ni ya Muriet, na nikayaweka mbele yale maduka sita niliyoyaruka.