Deni la Pensheni la Chicago na Wanaolibeba

Anayetaka kuelewa jinsi jiji linavyoweza kupitisha bajeti isiyo na nakisi kila mwaka na bado likazama katika madeni, aitazame Chicago. Mifuko yake minne ya pensheni, yaani ya polisi, ya zimamoto, ya watumishi wa manispaa na ya vibarua, ina upungufu wa zaidi ya dola bilioni 30, na akiba iliyomo haifiki hata theluthi moja ya kile walichoahidiwa watumishi na wastaafu. Ukiugawa upungufu huo kwa wakazi wapatao milioni 2.7, kila mmoja, mtoto mchanga akiwemo, anabeba zaidi ya dola 11,000.

Mgawanyo wa namna hiyo hupendwa na wanahabari, ingawa naona unaficha mengi, kwa kuwa hakuna atakayeletewa ankara ya kiasi hicho mlangoni. Deni hulipwa polepole kupitia kodi ya majengo, kodi ya maji na majitaka, na huduma ambazo jiji linashindwa kuzitoa. Anayehama humwachia anayebaki.

Wengi huwalaumu wastaafu. Chanzo kikubwa ni kingine, na kinaudhi zaidi kwa sababu kilikuwa halali. Kwa miongo mingi sheria ya jimbo la Illinois ilipanga mchango wa jiji kwa kuzidisha makato ya watumishi kwa namba maalumu, bila kuuliza mifuko inahitaji kiasi gani hasa. Jiji lililipa kilichotakiwa na sheria, upungufu ukaongezeka, na bajeti ikaendelea kuonekana safi, kwa kuwa ilihesabu fedha zinazotoka mwaka huo, si ahadi zinazozaliwa mwaka huo. Wakazi wa wakati huo walipata ulinzi na huduma kwa bei pungufu, na tofauti inalipwa na wengine.

Kupunguza mafao nako hakuwezekani. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inakataza, na mahakama kuu ya jimbo ilibatilisha mageuzi ya jimbo mwaka 2015, kisha ya jiji mwaka 2016. Nakubaliana nayo: askari aliyekatwa mshahara kila mwezi siye aliyeacha kuchangia. Dawa ya deni ni kulipa, na mwaka 2015 Meya Rahm Emanuel alipandisha kodi ya majengo kwa zaidi ya dola milioni 500, nyongeza iliyokusudiwa hasa pensheni za polisi na zimamoto.

Kabla ya hapo jiji lilikuwa limejaribu njia rahisi. Mwaka 2008, chini ya Meya Richard M. Daley, lilikodisha mita zake za maegesho kwa miaka 75 kwa takriban dola bilioni 1.15, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikatumika ndani ya miaka michache kuziba mapengo ya bajeti. Madereva wataendelea kuwalipa wawekezaji hadi mwaka 2083.

Ni mwaka 2022 tu ndipo jiji lilipoanza kuchangia mifuko yote minne kwa kufuata hesabu za wataalamu badala ya kizidisho cha zamani. Hata hivyo, mwaka 2016 bunge la jimbo lilikuwa limeahirisha kutoka 2040 hadi 2055 tarehe ya mifuko ya polisi na zimamoto kufikia asilimia 90 ya akiba inayohitajika, likimpinga gavana aliyekataa kutia saini. Malipo ya miaka iliyofuata yakawa madogo kuliko yalivyopangwa awali, na tofauti ikasogezwa kwa walipakodi wa baadaye.